Uunde, uazime au ununue? Vifaa maalumu vya gari na mbadala wake wa kujiundia

Chomeka mpini wa spana ya nati za gurudumu ndani ya kipande cha paipu. Pima nusu mita kutoka katikati ya nati, tundika hapo mizani ya kuning'iniza kama ile ya wauza samaki, kisha vuta hadi mshale uguse kilo 21. Nati hiyo umeikaza kwa Nm 103 (niutoni-mita), kipimo ambacho Toyota nyingi ndogo hutaka. Ni nguvu mara umbali tu: kilo 21 huvuta kwa takriban niutoni 206, na kwa nusu mita unabaki na 103.

Natengeneza magari ya nyumbani na ya majirani uani kwetu Mikindani, Mombasa, na swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi si la injini bali la vyombo. Hiki nikiunde, nikaazime kwa fundi, au nikinunue? Mafundi wa jua kali wa Changamwe na Magongo huunda karibu kila kitu kwa vyuma chakavu, na vingi vinafanya kazi miaka na miaka. Madukani nako kuna seti zinazong'aa ndani ya masanduku yao, nyingine nzuri, nyingine za kupinda siku ya kwanza.

Mimi sianzi na bei. Najiuliza kwanza: chombo hiki kikinisaliti katikati ya kazi, kitakachoumia ni nini? Kama ni muda wangu tu, naunda. Kama ni kipuri, napima kwa makini. Kama ni mkono, jicho, au mtu aliyelala chini ya gari, siundi, hata fundi wa kuchomelea awe jirani yangu wa ukuta kwa ukuta.

Mizani dhidi ya spana ya toki

Mizani ile ya mwanzo inafanya kazi ya spana ya toki, yaani spana inayolia ikifikia nguvu ya kukaza uliyoipanga, lakini ina masharti yake. Paipu isimame wima na wewe uvute kwa ulalo, ili uzito wa paipu usiingie kwenye hesabu, na kamba ya mizani ifanye pembe mraba na paipu. Ukivuta kimshazari, mshale unasoma kilo 21 ilhali nati imepata pungufu. Umbali upimwe kutoka katikati ya nati, si kutoka mwanzo wa paipu.

Kwa nati za magurudumu mbadala huu unatosha kabisa, na ni bora mara mia kuliko kuruka juu ya spana kwa miguu miwili, mtindo ambao umevunja stadi nyingi (zile bolti za gurudumu zinazoshika nati) hapa mjini na kupindisha diski za breki. Kwa bolti ndogo za Nm 10 au 20 hautoshi, kwa sababu mkono wako unatikisika kuliko kipimo chenyewe. Kwa bolti za silinda hedi, kile kichwa cha injini, usijaribu. Injini nyingi za sasa hukazwa kwanza kwa toki ndogo, kisha kila bolti huzungushwa digrii kadhaa, mara nyingi 90 na pengine 90 tena. Sehemu ya digrii unaweza kuifanya kwa nukta ya rangi kwenye kichwa cha bolti, na ni sahihi vilevile. Ile hatua ya kwanza ndiyo inayodai spana halisi, maana bolti zisipolingana gasketi inavuja, na injini uliyoifunga Jumamosi unaifungua Jumatatu.

Ila usidhani spana ya toki ya dukani ni sahihi kwa kuwa ina namba. Ipime. Bana kile kijiti chake cha mraba kwenye jiliwa, mpini ulale sawasawa, kisha tundika mtungi wa lita 20 wa wauza maji wa mikokoteni, umejaa, nusu mita kutoka katikati. Lita 20 za maji ni kilo 20, na mtungi wenyewe una kama kilo moja. Spana iliyowekwa 103 inapaswa kukaribia kulia hapo. Nimewahi kuipima moja mpya iliyolia mbali sana na namba yake, na mwenyewe alikuwa ameshaikazia magari mawili. Chombo cha kienyeji kimekuwa hakimu wa kile cha duka, na nadhani hiyo ndiyo kazi yake bora.

Kusukuma bushi: fimbo ya uzi, au presi ya gereji?

Hapa ndipo penye faida kubwa ya kujiundia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Bushi (mipira yenye ganda la chuma nje na mrija wa chuma katikati) za mkono wa chini wa gurudumu huisha haraka kwa barabara zetu za mashimo na matuta. Gereji yenye presi, mashine ya kusukumia vipuri kwa nguvu, itakutoza kwa kila bushi, na siku zenye foleni gari linalala huko. Mbadala wake ni bolti ndefu au fimbo yenye uzi mwili mzima, nati mbili, washa nene nne au tano, kipande cha paipu ambacho bushi inaingia ndani yake bila kugusa, na soketi yenye upana unaolingana na ganda la nje la bushi. Paipu inakaa upande inakotokea bushi, soketi upande unaosukuma, fimbo inapita katikati, na nati ikizungushwa inavuta vyote pamoja. Bushi inatoka polepole, bila nyundo na bila kupinda mkono.

Kinachoamua ni chuma cha fimbo. Fimbo nyingi za uzi madukani ni za chuma laini na hazina alama yoyote. Nyuzi zake hukunjana na kumezana, na nati inaganda katikati ya kazi. Tafuta bolti ndefu ya lori kwenye vyuma chakavu, yenye namba 8.8 au 10.9 kichwani. Ile 8.8 hukatika kwenye megapaskali 800 (kipimo cha uimara wa chuma) na huanza kurefuka bila kurudi kwenye 640. Chuma laini cha 4.6 hukatika kwenye 400 na kurefuka kwenye 240 tu. Unene wa milimita 14 au 16 unafaa ukipita kwenye tundu la bushi. Usipopita, punguza unene lakini usishushe ubora wa chuma. Paka grisi kwenye uzi kila mara, na weka washa nene chini ya nati ili isitafune soketi.

Sukuma ganda la nje la bushi tu. Ukisukuma ule mrija wa katikati unaupasua mpira mpya kabla haujaonja barabara. Kuweka bushi kwenye friza usiku kucha husaidia, kwani chuma hupungua kidogo kwa baridi. Kwa joto letu una dakika chache tu baada ya kuitoa, basi kila kitu kiwe tayari kabla ya kufungua friza. Na jambo moja ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau: bolti ya mkono usiikaze kwa mwisho gurudumu likiwa linaning'inia. Shusha gari likae kwa uzito wake, ndipo ukaze. La sivyo mpira unabaki umejisokota, na unachanika miezi michache baadaye. Watu hulaumu spea.

Basi, kwa bushi, unda. Kwa beringi ya gurudumu, peleka kwenye presi. Beringi ikiingizwa kwenye nyumba yake ya chuma lazima isukumwe kwa pete ya nje, na habu (kitovu cha gurudumu) ikiingizwa kwenye beringi, beringi iegemezwe kwa pete ya ndani. Ukikosea, gololi zinatoboa vijishimo kwenye njia yake, visivyoonekana kwa jicho, na mvumo unaanza wiki hiyo hiyo. Beringi nzuri ni ghali kuliko kuisukumisha. Shemeji yangu aliniomba nimfanyie kwa fimbo ile ile ya bushi ili aokoe fedha. Nilikubali, na tukanunua beringi mara mbili. Tangu siku hiyo nakataa.

Tairodi na bolijointi: nyundo mbili, uma, au pula

Tairodi na bolijointi ni viungo vya usukani na vya gurudumu, vyenye koni iliyokazwa ndani ya sikio la chuma. Chumvi ya bahari inafanya kazi yake hapa usiku na mchana. Gari lililokaa Nyali au Likoni karibu na ufuo lina nati zilizoshikana kama zimechomelewa. Kwa hiyo kabla ya chombo chochote, lainisha. Changanya mafuta ya gia boksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, tikisa kila unapotaka kutumia kwa sababu hujitenga, pakaza na uache usiku mzima. Iweke mbali na moto, na isiguse rangi ya gari.

Njia ya nyundo mbili haigharimu kitu. Legeza nati bila kuitoa, egemeza nyundo nzito upande mmoja wa sikio la chuma linaloshika ile koni, kisha piga upande wa pili kwa nyundo nyingine mapigo machache ya nguvu. Piga sikio, usipige uzi. Sikio linajibonyeza kidogo na koni inaruka. Uma wa kupigilia ni wa bei ndogo na unatoa kila kitu, lakini unachana mpira wa kuzuia vumbi, kwa hiyo utumie tu unapotupa kipuri. Pula ya bolti, chombo kinachong'oa kiungo kwa kukaza bolti, ndiyo ninayoipendekeza ununue kama unafanya kazi hii zaidi ya mara mbili kwa mwaka. Inabana, inasubiri, na haiharibu mpira. Kuiunda inawezekana kwa bapa nene na bolti, ila nyingi nilizoziona zimefunguka mdomo kwa mvutano, na kipande cha chuma kinachoruka usoni kinaniingiza kwenye lile jibu la tatu la mwanzo: siundi.

Taa ya balbu dhidi ya mita ya umeme

Balbu ya kiashiria, kishikio chake, nyaya mbili, klipu ya mdomo wa mamba upande mmoja na msumari uliochongwa upande wa pili: hiyo ndiyo taa ya kupimia kama waya unapitisha umeme. Gharama yake ni shilingi chache mno, na kwa kazi fulani inaishinda mita.

Sababu ni kutu ya kijani. Waya wa shaba ulioliwa na unyevu wa pwani unaweza kubaki na uzi mmoja tu ulio hai. Mita ya umeme haivuti karibu chochote, hivyo inasoma volti 12 na kukwambia waya ni mzima. Balbu ya wati 21 inadai kama ampea 1.75. Ule uzi mmoja hauwezi, balbu inawaka hafifu au haiwaki kabisa, na ukweli umetoka. Honi, taa za mbele, pampu ya mafuta na feni ya redieta napima kwa balbu kwanza.

Lakini mzigo huo huo ndio hatari yake. Nyaya za vihisio na za kompyuta ya gari hazikuumbwa kubeba ampea hizo, na ukichoma msumari mahali pasipo pake unaweza kuunguza kipuri ambacho bei yake itakukosesha usingizi. Na nyaya zenye soketi za njano ni za mifuko ya hewa: usiziguse kwa balbu wala kwa mita. Kwa hiyo hapa si kuchagua kimoja. Unda taa, na ununue mita ya bei ya kawaida.

Breki

Kutoa hewa kwenye breki ukiwa peke yako: mpira mwembamba unaopitisha mwanga, chupa ya plastiki yenye tundu kwenye kifuniko, na mafuta ya breki kidogo ndani yake yafunike ncha ya mpira. Vika mpira kwenye nipeli (skrubu ndogo yenye tundu ya kutolea hewa), ifungue, kanyaga pedali polepole, angalia mapovu, ongeza mafuta juu kabla hayajashuka chini ya alama. Chupa hiyo inafanya kazi sawa na ile ya dukani. Iandike kwa maandishi makubwa na uiweke mbali na watoto, maana chupa ya soda ni chupa ya soda machoni pa mtoto.

Usichobana matumizi ni mafuta yenyewe. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Kiwango cha DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205, yakishanyonya maji hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Kopo lililoachwa wazi katika hewa ya Mombasa halina thamani tena. Nunua kopo dogo, fungua, tumia.

Kurudisha pistoni ya kalipa ya mbele (kalipa ndiyo inayobana pedi za breki), clampu ya seremala na pedi kuukuu vinatosha. Kalipa za nyuma zenye handbreki ndani yake ni jambo lingine: pistoni hiyo hurudi kwa kuzungushwa, na ukiilazimisha kwa clampu unavunja utaratibu wa ndani. Hapo azima chombo chake.

Redieta, puli ya krenki na klachi

Kipima uvujaji wa redieta nakiunda bila wasiwasi mkubwa. Kifuniko kuukuu cha redieta kinatobolewa katikati, kinavalishwa valvu ya tairi lisilo na tyubu, na pampu ya mguu yenye geji inasukuma hewa. Injini iwe baridi kabisa. Soma namba juu ya kifuniko halisi: 0.9 (bar) ni kama pauni 13 kwenye geji, 1.1 ni kama 16. Usizidishe hata kidogo, kwa sababu ulipokitoboa kifuniko uliua valvu yake ya kupumulia, na hakuna kitakachookoa redieta isipokuwa jicho lako kwenye geji. Ukisikia tone, umepata. Katika mji ambao gari linachemka kwenye foleni ya Makupa saa nane mchana, chombo hiki kimenilipa kuliko vyote.

Puli ya krenki, gurudumu la mkanda kwenye ncha ya injini, huhitaji kushikwa wakati bolti yake inafunguliwa. Puli nyingi zina matundu mawili usoni. Bapa la chuma la mita moja, tundu kubwa la soketi katikati ya mengine mawili madogo, na bolti mbili ngumu: fundi wa kuchomelea anakukatia kwa muda mfupi. Ni bora kuliko ule mtindo wa kuegemeza spana kwenye fremu na kupiga stata, unaorusha spana.

Ya klachi ni fupi. Shafti ya gia boksi kuukuu ya gari la aina hiyo hiyo inasawazisha pleti ya klachi katikati kuliko chombo chochote cha plastiki cha dukani. Waulize wauza spea za mitumba. Ukikosa, kijiti kilichokerezwa kikazungushiwa utepe hadi kikaingia barabara kinafaa kwa kazi moja.

Viwili ambavyo siundi

Springi ya shoki za mbele imebanwa ndani ya kikombe chake hata gari likiwa limenyanyuliwa. Ukifungua nati ya juu bila kuibana, inatoka kwa nguvu ya kuvunja taya. Nimeona watu wakiifunga kwa minyororo, kwa waya wa kuchomelea, hata kwa kamba za kufungia mizigo. Mara ya kwanza nilipotaka kujaribu hivyo nilikwenda kuomba ushauri kwa fundi mzee wa Jomvu.

"Shikamoo, mzee. Nina mnyororo mzuri wa kufungia springi, nataka unionyeshe pa kuupitisha."

"Marahaba, mwanangu. Huo mnyororo ufungie mbuzi. Kibanio kile pale, chukua, ukimaliza nirudishie."

Alinionyesha pia namna ya kukikagua: uzi usiwe umeliwa, makucha yasiwe yamefunguka, viwili vikabiliane pande mbili za springi, vikazwe kwa zamu, raundi chache huku na raundi chache kule. Na uso usikae kamwe kwenye mstari wa springi.

La pili ni kinachoshika gari juu. Jeki hunyanyua; haikuumbwa kushika, kwa sababu mpira mmoja ndani yake ukipitisha mafuta gari linashuka. Tatizo letu la pwani ni lile jiwe la matumbawe la kujengea. Liko kila uwanja, ni zito, ni la mraba, linaonekana kama limeletwa kwa kazi hiyo. Ukutani linabeba nyumba kwa sababu mzigo umetandazwa juu yake lote. Ukiliwekea ukingo mwembamba wa chuma cha gari, mzigo wote unakusanyika kwenye mstari mmoja, na jiwe linapasuka mara moja bila kulia kwanza. Bloku la saruji ni vivyo hivyo. Wala sikushauri uchomelewe stendi: mchomo unaweza kupendeza juu huku haujashika ndani, na huna njia ya kuuona. Nunua stendi mbili zenye uzito ulioandikwa. Kwenye mchanga ziwekee ubao mpana na mnene chini, na gurudumu ulilolitoa lilaze chini ya ubavu wa gari, ili lolote likitokea ibaki nafasi ya kifua cha mtu.

Kuhusu kibanio cha springi, kuazima kila mara kuna mwisho wake, hasa yule mzee alipoanza kukihitaji siku zile zile ninazokihitaji mimi. Tulichanga watu wanne wa mtaa mmoja tukanunua kizuri, pamoja na pula ya bolijointi. Vinakaa kwa jirani ambaye hasafiri. Anayevichukua anaandika jina lake kwenye daftari, na havipokelewi vikirudi bila grisi kwenye uzi.